Sahhafu: muuza vitabu vya kale na amana iliyo mikononi mwake

Ijumaa hii tulitazame neno ambalo ni adimu katika Kiswahili, ingawa jamaa zake twawatamka kila siku. Neno hilo ni sahhafu.

Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa sahifa, yaani ukurasa, na msahafu. Umbo lake ni lile lile la dalali na hamali, ambalo katika Kiarabu huonyesha mtu aliyeshika kazi fulani. Basi sahhafu ni mtu wa kurasa. Waturuki wakalichukua, na kwao sahaf ni muuza vitabu, hasa vya kale. Hadi leo soko lao la vitabu liko Istanbul, kando ya msikiti wa Bayezid.

Baghdad walipenda zaidi neno warraqu, ndugu wa waraka wetu. Huyu hakuwa mchuuzi tu. Ibn Khaldun anaieleza kazi hiyo kuwa ni kunakili, kusahihisha na kujalidi. Al-Yaqubi, katika karne ya tatu ya Hijra, alitaja maduka zaidi ya 100 ya namna hiyo katika kitongoji kimoja cha Baghdad. Miongoni mwa watu wa kazi hii alikuwa Ibn al-Nadim, ambaye mwaka 377 Hijria (987) aliandika Al-Fihrist, orodha ya vitabu vya zama zake. Vingi alivyovitaja vimepotea. Tunajua kwamba viliwahi kuwapo kwa sababu muuza vitabu aliona vyema kuviorodhesha.

Lisichanganywe na neno suhufi, ambalo wanavyuoni wa kale walimwita mtu aliyechota elimu katika kurasa bila mwalimu. Walimchelea kwa sababu ya nukta: ba, ta na tha zina umbo moja, na nukta ikihama neno hugeuka. Katika maandiko ya Kiswahili ya zamani shida huzidi, maana ba moja yaweza kusomwa ba, pa au mba.

Nasi tulikuwa na watu wa kazi hiyo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palisifika kwa kunakili misahafu. Lamu alikuwapo Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, mwandishi wa hati nzuri na mchonga milango. Alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, kina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Leo anayezitafuta nakala hizo hana budi kubisha hodi London na Ujerumani. Wengine humlaumu kwa kuziuza. Mimi naona kwamba alichokinakili kimesalia, na mengi yaliyobaki sandukuni yameliwa na mchwa.

Hata hivyo, si kila kitabu huuzika. Fungua ukurasa wa kwanza. Ukikuta neno wakfu, hicho si mali ya urithi, hata kama kimekaa nyumbani kwenu miaka 80. Hadithi ya ardhi ya Khaybar ya Sayyidna Umar, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inabainisha kwamba asili ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Sahhafu mwaminifu huuliza kwanza kitabu ni cha nani, ndipo huuliza bei.

Msomaji wa Ikoma, wilayani Serengeti, asidhani kwamba haya ni ya watu wa Lamu na Istanbul peke yao. Kitabu husafiri na mwalimu wake, na walimu walifika bara wakiwa na chapa za Cairo na Bombay katika mizigo yao. Mzee akifariki, warithi hukuta karatasi chakavu zenye herufi za Kiarabu, wakadhani zote ni Qur'ani, wakazizika au wakazichoma kwa heshima. Msahafu uliochakaa una hukumu yake. Lakini yaliyoandikwa kwa herufi hizo yaweza kuwa deni ambalo marehemu hajalilipa, wasia, mapatano ya shamba au utenzi usio na nakala nyingine.

Kabla ya kuzika wala kuuza, mpelekeeni asomaye herufi hizo, tena mwenye kujua Kiswahili cha zamani. Tazameni ukurasa wa mwisho, ambapo mnakili huandika jina lake na tarehe. Msizipige gundi wala karatasi ya plastiki. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya maandiko ya namna hiyo, ambayo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, na Nyaraka za Taifa Zanzibar nazo huyahifadhi. Familia isiyotaka kuachana na urithi wake yaweza kuyapiga picha, ukurasa kwa ukurasa, kama yalivyofanyiwa maandiko ya msikiti wa Riyadha huko Lamu, na asili zikabaki zilipo.