Zamu ya Usiku na Unyumba katika Texas

Katika Dallas na Fort Worth, na pia Houston iliyo maili 240 hivi kusini yake, karibu na Ghuba ya Meksiko, wamefanya maskani Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo ambao riziki ya wengi wao, wawe walikwenda kwa masomo, kwa kumfuata mume au mke, au kwa ukimbizi baada ya miaka mingi katika kambi kama ile ya Nyarugusu mkoani Kigoma, hutoka katika kuuguza wagonjwa na kutunza wazee. Houston ndiyo yenye Texas Medical Center, mkusanyiko wa hospitali na vyuo vya tiba ulioasisiwa mwaka 1945, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani, wenye waajiriwa zaidi ya laki moja. Hospitali hailali, wala nyumba ya wazee haifungwi. Kwa hiyo zamu ya muda wa saa kumi na mbili, iingiayo saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi, ndiyo ipangayo chakula, usingizi na mazungumzo ya nyumba nyingi.

Aghalabu mume na mke huafikiana kugawana saa, mmoja ashike mchana na mwenziwe ashike usiku, ili mtoto asikose mlezi na nyumba isilipe ada ya kulelewa mtoto kwa wageni, ada ambayo huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mmoja wao. Kwa fedha hesabu hiyo ni sahihi. Lakini wawili hao hukutana mlangoni kama walinzi wapokezanao lindo, wakiambiana kwamba mtoto amekula, kwamba bili ya umeme imefika, kwamba gari halina mafuta. Na baada ya miaka ya kuambiana hayo tu, kila mmoja huanza kudhani kuwa mwenziwe amepoa, ilhali amechoka. Gari nalo lina dai lake, kwani miji hii imejengwa kwa kutegemea motokaa: Arlington, yenye wakazi karibu laki nne, haina mabasi ya kawaida ya mji, na tangu mwaka 2017 imetegemea magari madogo ya kuitwa kwa simu. Mtu hufanya kazi ili apate gari, kisha huongeza zamu ili alilipie.

Wataalamu wa Marekani Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza mwaka 1985 kwamba kazi na nyumba hugombana kwa njia tatu: saa zinazotumika upande mmoja hazipatikani upande wa pili; uchovu na hamaki za upande mmoja huhamia wa pili; na tabia ifaayo kazini huweza kudhuru nyumbani. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kadiri ugomvi huo unavyozidi ndivyo mtu anavyopungukiwa na ridhaa, katika kazi yake na katika maisha yake yote. Hata hivyo Greenhaus huyo huyo, pamoja na Gary Powell, aliandika mwaka 2006 juu ya upande wa heri, ambao mimi nauamini kwa dhati: aliyelelewa akimwogesha na kumlisha bibi yake huingia katika nyumba ya wazee akiwa na upole wa kumtunza mgeni, na heshima aipatayo huko huja nayo kwa ahali yake.

Ila wataalamu walizungumzia nyumba moja, na Mwafrika Mashariki wa Texas ana mbili. Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma kwao dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani, na ndani ya fedha hizo zimo ada za shule, dawa za wazazi na michango ya misiba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 huwapa wafanyakazi wengi ujira na nusu kwa kila saa inayopita 40 katika wiki. Basi ombi likija kutoka nyumbani, jibu jepesi ni ovataimu, na anayelipia ni mtoto wa Texas, ambaye siku ya mapumziko ya baba yake imekwisha kuuzwa. Sidai kwamba kutuma ni kosa, kwa maana wengi hupata humo faraja kubwa kuliko wanayoipata katika kazi yenyewe. Dhuluma huingia pale ambapo kiasi huamuliwa na upande usioziona saa zilizokitoa.

Sheria nayo haiwasaidii sana. Mama wa Tanzania aliyeajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na wa Kenya miezi mitatu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 hutoa wiki 12 bila malipo, tena kwa waliotimiza masharti ya muda wa kazi na ukubwa wa mwajiri. Kwa hiyo zipo nyumba zilizojiwekea kanuni zao, mathalan kukataa zamu ya ziada siku moja maalumu ya wiki, au kukubaliana na ndugu kiasi kimoja cha kila mwezi. Walio nyumbani Afrika nao wanaweza kuanza na saa ya kupiga simu: baada ya Isha, Mombasa inapokuwa saa mbili usiku, Houston ni saa tano au saa sita mchana, na mwenye zamu ya usiku yumo katikati ya usingizi wake, bali kama saa kumi na moja jioni ya Mombasa humkuta ndiyo kwanza amerudi, chai mkononi, kabla hajalala.