Nani Ana Ruhusa ya Kuzitoa Upya Albamu za Sha Na Na?

Albamu ya zamani isipotolewa upya, wengi hudhani haina wanunuzi. Kwa bendi iliyojipatia jina kwa kuimba zilizopendwa za watu wengine, hiyo ni robo tu ya habari. Chukua Sha Na Na ya Marekani.

Ilizaliwa 1969 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kutokana na kikundi cha wanafunzi walioimba bila ala. Walifufua duwopu, mtindo uliovuma miaka ya 1950: vijana wanne au watano wamesimama kwenye kona ya mtaa, mmoja anaongoza, wengine wanamwitikia kwa silabi zisizo na maana, na mwenye sauti nzito anafanya kazi ya gitaa la besi. Agosti 18 mwaka huohuo walipanda jukwaa la Woodstock, na aliyewafuata alikuwa Jimi Hendrix. Kisha zikaja albamu chini ya kampuni ya Kama Sutra, filamu ya Grease ya 1978 na kipindi chao cha televisheni, kilichorushwa kuanzia 1977 hadi 1981. Mmoja wa waasisi, Robert Leonard, aliacha jukwaa akarudi darasani, akaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu sarufi ya Kiswahili. Siku hizi anajulikana kama mtaalamu wa isimu ya mahakamani. Kiswahili hakipati nafasi nyingi katika historia ya rock 'n' roll, kwa hiyo hii sikutaka initoroke.

Sasa tuje kwenye haki. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku ile. Sha Na Na wakiimba wimbo wa Danny & the Juniors, utunzi una wenyewe, na rekodi ni mali ya kampuni. Kama Sutra ilikuwa chini ya paa moja na kampuni ya Buddah. Katalogi yao ilikwenda BMG na hatimaye ikaangukia Sony. Kwa utunzi ambao tayari umeshatolewa, sheria ya Marekani inamruhusu yeyote kuutumia kwenye diski, mradi alipe kiwango kilichowekwa. Kwa rekodi hakuna njia ya namna hiyo. Mwenye kanda akikataa, au asijibu barua tu, mradi umeishia hapo.

Kinachochekesha ni tarehe. Ulaya ilipoongeza muda wa hakimiliki ya rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, mwaka 2013, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilikuwa zimeshakwisha muda wake, na hazikurudishiwa ulinzi. Hivyo huko kampuni yoyote inaweza kukusanya duwopu halisi ya miaka ya 1950 na kuiuza kwa bei ya chee bila kumwomba mwenye rekodi, ilimradi watunzi walipwe. Albamu ya kwanza ya Sha Na Na, ya 1969, imefungwa hadi mwisho wa 2039. Marekani, sheria ya 2018 imeifunga hadi Februari 2067. Huko Ulaya, nakala ina kufuli ambalo asili yake imeshavuliwa, tena zote mbili zinauzwa kwenye rafu moja.

Gharama nazo zina mtego wake. Mrabaha wa watunzi huhesabiwa kwa wimbo. Hadi 2022, kiwango cha Marekani kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo usiozidi dakika tano, uwe wa dakika nne au mbili. Zilizopendwa hizi ni fupi, hivyo diski moja humeza nyingi. Nyimbo 20 zilikuwa dola 1.82 kwa kila nakala, kabla hujamlipa mwenye rekodi, mchapaji wa jalada wala fundi.

Fundi mwenyewe huenda akakuta kanda zinanata. Kanda nyingi za miaka ya 1970 zilitumia gundi inayofyonza unyevu. Ukizicheza hivyohivyo, vumbi la sumaku linabanduka na sauti inakwenda nalo. Dawa ni kuzioka kwa joto la takriban nyuzi 54 kwa saa nyingi, kisha kuzinakili upesi kabla unyevu haujarudi. Wavivu hunakili kutoka santuri iliyotumika, na mikwaruzo inasikika.

Ningepewa kazi hii, nisingeanza na nyimbo za studio ambazo msikilizaji anaweza kuzipata kwa wenyewe, tena zikiwa tamu zaidi. Ningeanza na rekodi zao za jukwaani, kwa sababu Sha Na Na ilikuwa bendi ya kutazamwa na kushangiliwa. Baada ya hapo ningetafuta tungo zao wenyewe, zile za albamu ya 1971 kwanza. Hizo hakuna mkusanyo wa bei ya chee unaozishindania.