Deni la Miwa, Deni la Mwili

Miwa ya Muhoroni hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa. Ikishakatwa, huanza subira nyingine: ya trekta, ya mizani, ya malipo. Kiwanda cha sukari cha mji huu wa magharibi mwa Kenya kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001 kwa sababu ya madeni, na mkulima aliyekuwa kijana wakati huo sasa ana mvi. Ukimuuliza kilichomzeesha, huenda asitaje jua wala jembe. Atakwambia ni parruok, yaani wasiwasi kwa Kiluo.

Hajakosea. Ukikanyaga karibu na nyoka katikati ya miwa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo, na moyo ukaenda mbio. Dakika chache baadaye hufuata homoni ya kotisoli. Hii hufungua ghala la sukari mwilini ili misuli ipate nguvu, na kuahirisha kazi zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula na kukarabati tishu. Nyoka akitokomea, kila kitu hurudi mahali pake.

Lakini karo ya shule haitokomei. Mwili nao hauna homoni moja ya nyoka na nyingine ya deni. Hutumia ileile, asubuhi na usiku, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1993 wanasayansi Bruce McEwen na Eliot Stellar wa Marekani waliita gharama hiyo mzigo wa alostasia. Presha hupanda na kuzoea kukaa juu. Mafuta hurundikana tumboni. Chembe za kinga, zilizochoshwa na amri za kotisoli, huacha kuzitii, na matokeo yake ni uvimbe wa chinichini usioonekana kwa macho, unaoharibu mishipa ya damu polepole.

Hata ndani ya chembe kuna alama. Ncha za kromosomu zina vifuniko viitwavyo telomia, ambavyo hupungua kadiri chembe zinavyogawanyika. Mwaka 2004 wanasayansi Elissa Epel na Elizabeth Blackburn waliwapima akina mama, wengi wao wakiuguza watoto wenye maradhi ya kudumu. Waliojihisi kuelemewa zaidi walikuwa na telomia fupi kama za watu waliowazidi umri kwa miaka 10 au zaidi. Huo ni uhusiano tu, si hukumu. Urefu wa telomia haukutajii siku ya kufa.

Nikisoma utafiti huo huwafikiria nyanya wa Nyanza. Ukimwi ulipowachukua watoto wao, ndio walioanza upya kuosha nepi na kutafuta karo. Mtafiti Gillian Ice na wenzake waliwafuatilia wazee wa Kiluo wanaolea wajukuu, wakipima hata kotisoli kwenye mate, na walezi wakaonekana kuelemewa na msongo zaidi ya wenzao wasio na mzigo huo. Kwa hiyo ule ushauri rahisi, kwamba mzee akizungukwa na jamaa atapona, unanitia shaka. Jamaa haohao ndio wanaoomba unga.

Hata hivyo upweke ni mbaya zaidi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000: wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 50 hivi. Nyani wa mbuga ya Amboseli, wanaofuatiliwa tangu mwaka 1971, wanasimulia habari inayofanana. Majike waliopatwa utotoni na misukosuko mitatu au zaidi, kama vile ukame au kufiwa na mama, walikufa miaka 10 hivi mapema kuliko waliopatwa na mmoja au kuepuka yote. Lakini waliopata marafiki wa karibu ukubwani waliishi zaidi, hata kama utoto wao ulikuwa mchungu.

Madume walileta kioja. Utafiti wa mwaka 2021 uliochunguza alama za kikemikali kwenye DNA uligundua kwamba wenye vyeo vya juu ndio waliozeeka haraka. Cheo cha dume hupatikana kwa kupigana, na hulindwa kwa kupigana tena kesho. Wanasiasa wetu wasome hapo.

Kwa mzee wa Muhoroni, basi, la kutazama si idadi ya watu waliomzunguka. Ni kama yupo hata mmoja asiyekuja kuomba. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali, kila mwezi kwa waliofika miaka 70 husaidia zaidi zikija kwa wakati, kwa maana pesa za kungojewa nazo ni msongo. Kupima presha ni muhimu, hata kama huumwi popote. Kisha kuna nyoluoro, chama cha mzunguko cha akina mama. Wengi hukihesabu kwa pesa zinazozunguka. Mimi huhesabu jambo jingine: mwanachama akikosa vikao viwili, mwenzake hutumwa nyumbani kwake kuuliza kulikoni.