Ugonjwa wa Miguu na Midomo: Mbona Ng'ombe Aliyechanjwa Ameugua? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi ugonjwa huu unavyokausha maziwa. Leo tunaligeukia swali ambalo kila daktari wa mifugo ameulizwa: mimi nilichanja, mbona wameugua?

Tuanzie chupani. Chanjo tunayoitumia Afrika Mashariki ina virusi vilivyokwisha kuuawa. Haviwezi kuzaana ndani ya ng'ombe, kwa hiyo peke yake vingeamsha kinga kidogo sana. Ndiyo maana huchanganywa na mafuta, au na alumini na saponini. Mtamba ambaye hajawahi kuchanjwa hutoa kingamwili chache kwa sindano ya kwanza, nazo hupungua upesi. Sindano ya pili, wiki tatu au nne baadaye, hukuta chembe za kumbukumbu zimeshajiandaa, na hapo kingamwili hupanda sana na kukaa zaidi. Mfugaji aliyeishia dozi moja, kwa maoni yangu, amelipia nusu ya chanjo. Na hata kingamwili za dozi ya pili hushuka, ndipo tunarudia kila miezi sita, au mapema zaidi mahali penye hatari kubwa.

Kisha kuna suala la aina. Virusi hivi viko vya aina saba, na kinga ya aina moja haimkingi ng'ombe na nyingine. Zinazotusumbua zaidi huku ni O, A, SAT 1 na SAT 2. (Aina C haijaonekana popote duniani tangu 2004, Kenya ni miongoni mwa nchi ilikopatikana mwaka huo.) Ng'ombe aliyechanjwa dhidi ya O akipatwa na SAT 2, chanjo haina kosa.

Joto nalo huharibu kimyakimya. Kingamwili zenye nguvu huamshwa na ganda la kirusi likiwa zima, na ganda hilo, hasa la aina za SAT, ni dhaifu: likipata joto huvunjika vipandevipande. Kwa hiyo chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, bila kugandishwa. Chupa iliyosafirishwa juani kwa bodaboda haina alama yoyote ya kukuonya.

Ndama ana habari yake. Kondo la nyuma halimpitishii kingamwili za mama. Huzipata kwenye dang'a, katika saa chache za mwanzo wa maisha. Kingamwili hizohizo huidaka chanjo kabla mwili wake haujajifunza kitu, hivyo ndama wa mama aliyechanjwa husubiri miezi kadhaa.

Limebaki jambo moja gumu. Ng'ombe aliyechanjwa vizuri huepuka malengelenge, lakini akikutana na kirusi anaweza kukibeba kooni bila dalili yoyote. Namna maabara inavyomtambua mbebaji huyo, kwa kutafuta kingamwili ambazo chanjo iliyosafishwa haiziamshi, ndiyo mada ya juma lijalo.