SIMU YA MKONONI SAFARINI

Ndugu wanachama, wengi wetu tukishauza karafuu huenda Makka kuhiji au Maskat kuwatazama jamaa. Fedha zilizopatikana kwa kuchuma, kuchambua na kuanika si haki ziliwe na simu. Kwa hivyo twapenda kuwaeleza mambo machache.

Laini ya kwetu ikiwa ugenini hutumia mitambo ya kampuni ya huko, na matumizi hayo yana malipo yake. Hapa nyumbani anayepokea simu halipi kitu. Ugenini mara nyingi hulipa. Mpigaji aliyeko Wete hutozwa kama kawaida, na njia iliyobaki hutozwa mpokeaji. Basi ukikaa nusu saa kusikiliza khabari za shamba, salio linaloondoka ni lako. Intaneti nayo huteremsha picha hata simu ikiwa mfukoni. Izimeni kabla ya kupanda ndege, kisha mtumie ya nyumba mliyofikia.

Atakayekaa siku nyingi ni kheri anunue laini ya huko. Saudia huuzwa hata katika uwanja wa ndege wa Jidda, kwa paspoti na alama za vidole. Mwenye simu ya laini mbili aizungumzie hiyo mpya, na ya kwetu aiweke kwa ujumbe wa benki tu.

Laini ya nyumbani msiitupe. Tangu mwaka 2020 laini za Tanzania zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Ikipotea ugenini, si rahisi kupata badala yake mpaka mwenyewe arudi, na hiyo ndiyo ufunguo wa fedha zake za simu.

Namba ziandikeni kwa +255 badala ya sifuri ya mwanzo, zipate kupigika popote. Simu za WhatsApp ni rahisi, lakini Imarati imezizuia kwa miaka mingi. Huko tumeni ujumbe wa sauti.

Mwisho, aliyemwachia mtu shamba wakati wa mavuno na waagane saa maalumu ya kuzungumza. Saa za Makka ni sawa na zetu. Maskat wametutangulia kwa saa moja.

Mwanachama asiyejua kuzima intaneti ya ugenini na aje afisini na simu yake kabla ya safari, tutamwonyesha.