Je, Wajua? Chupa ya petroli ilizima kifaru

Je, wajua kwamba chupa ya petroli iliwahi kuteketeza kifaru cha tani 9? Ilikuwa Seseña, kusini mwa Madrid, tarehe 29 Oktoba 1936, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania. Vifaru 15 vya Kisovieti aina ya T-26 viliingia mjini upande wa serikali. Vilikwenda mbio mno, askari wa miguu wakaachwa nyuma. Katika vichochoro vyembamba, wapiganaji wa Jenerali Franco, aliyeasi serikali, walivirushia chupa zilizowashwa moto.

Kifaru cha Kijerumani Panzer I, kilichotumiwa na upande wa Franco, hakikuwa na mzinga. Kilibeba bunduki za rashasha mbili tu na askari wawili. T-26 ilikuwa na mzinga wa milimita 45, uliotoboa deraya ya Panzer I kwa urahisi.

Ndiyo maana upande wa Franco uliitamani sana T-26. Zawadi ya peseta 500 ilitangazwa kwa atakayeiteka. Zilizotekwa zilipakwa alama mpya na kurudishwa vitani dhidi ya waliozileta.

Oktoba 1937, katika vita hivyo hivyo, huko Fuentes de Ebro, askari wa serikali walibebwa juu ya vifaru aina ya BT-5 vilivyokwenda mbio. Wengi waliangushwa au kupigwa risasi kabla ya kufika. Vifaru vingi vilikwama kwenye matope na mifereji ya mashambani.

Kifaru bila askari wa miguu ubavuni mwake ni windo rahisi.