Kifafa Huanzia Wapi?

Waganga watafuta mahali pa ugonjwa ndani ya ubongo pasipo kupasua kichwa

Ni nani kati yetu asiyepata kuona mtu akianguka kifafa? Mtoto yuko darasani, anaandika. Mara kalamu yamtoka mkononi, mwili wakakamaa, kisha viungo vyatikisika. Wenzake wakimbia. Hata wakubwa wasimama mbali, kwa kuwa wamesikia tangu utoto wao kwamba povu la mgonjwa laambukiza. Kwa hofu hiyo wagonjwa wengi wameachwa motoni au majini, pasipo mkono wa kuwavuta.

Hofu hiyo ni ya bure. Kifafa hakiambukizi, wala kwa povu, wala kwa kugusana, wala kwa kula pamoja. Ni ugonjwa wa ubongo. Neno hilo si geni: lilikwisha kuandikwa katika vitabu vya waganga wa Ugiriki vyenye jina la Hippocrates, yapata miaka 400 kabla ya Kristu. Lakini kusema «ni ubongo» hakutoshi. Ubongo ni mkubwa, na kila sehemu ina kazi yake. Mganga wa hospitali auliza zaidi: ni mahali gani ndani ya ubongo?

Moto huanza penye cheche moja

Chembe za ubongo wetu husemezana kwa umeme mdogo sana. Siku zote husemezana kwa utaratibu, kila moja kwa zamu yake. Kifafa kinapotokea, chembe nyingi hupiga kelele pamoja kwa wakati mmoja, na mwili hauwezi tena kutawalwa. Kwa wagonjwa wengine ghasia hiyo hushika ubongo wote mara moja. Kwa wengine huanza mahali padogo, kisha huenea, kama moto wa kiangazi uliotoka katika cheche moja.

Wagonjwa walio wengi hupona kuanguka kwa kutumia dawa. Lakini yapata mmoja katika watatu hasaidiwi vya kutosha na dawa. Ikiwa ugonjwa wa mtu huyo watoka mahali pamoja, waganga waweza kufikiri kupaondoa mahali hapo kwa kisu. Basi hapo ndipo penye shida: kisu si kitu, kama hujui pa kukata.

Mkono waonyesha njia

Huko London, katika karne ya 19, mganga John Hughlings Jackson aliwatazama wagonjwa wake kwa uangalifu mwingi. Aliona kwamba wengine huanza kutikisika kidole gumba tu, kisha mkono, kisha uso. Akafahamu kwamba ugonjwa watembea juu ya ubongo, toka mahali panapotawala kidole hata mahali panapotawala uso. Tena ubongo wa kushoto ndio unaotawala mkono wa kuume. Mwaka 1886 mpasuaji Victor Horsley alifuata dalili za namna hiyo. Akafungua kichwa cha kijana aliyeumia utotoni, akaona kovu juu ya ubongo, akaliondoa.

Kisha vikaja vyombo. Mwaka 1924, katika mji wa Jena, Ujerumani, mganga Hans Berger aliweza kuandika umeme wa ubongo wa mtu kwa kutia vipande vya madini kichwani. Alitoa habari hiyo mwaka 1929, na wengi hawakumsadiki kwanza. Leo chombo hicho chatumika katika hospitali nyingi za dunia. Mgonjwa aweza kulala hospitalini siku kadhaa huku umeme wake ukiandikwa na picha ya sinema ikichukuliwa, ili waganga waone namna anavyoanguka.

Hasara ya kukata pasipo kujua

Tusikie sasa habari ya Henry Molaison, Mmarekani. Alikuwa na umri wa miaka 27, na kifafa kilimzidi hata hakuweza kufanya kazi. Chombo cha umeme hakikuonyesha mahali pamoja pa ugonjwa. Hata hivyo, mwaka 1953, katika mji wa Hartford, mpasuaji William Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo wake, upande wa kuume na upande wa kushoto pia.

Kuanguka kulipungua. Lakini tangu siku ile Molaison hakuweza kushika jambo jipya. Akili yake ilikuwa nzuri, na mambo mengi ya utoto wake aliyakumbuka. Ila mtu aliyezungumza naye, akitoka kidogo na kurudi, alipokewa kama mgeni. Bibi Brenda Milner wa Montréal alimchunguza miaka mingi, naye hakumzoea kamwe. Molaison aliishi hivyo miaka 55, hata kufa kwake mwaka 2008. Kwa taabu yake watu wote walijifunza kwamba sehemu zile ndizo zinazotunza kumbukumbu. Na waganga walijifunza kwamba haifai kukata kabla ya kujua.

Kuona ndani pasipo kufungua

Siku hizi mgonjwa hupitishwa kwanza katika vyombo vinavyotazama ndani ya kichwa, na ngozi haipasuliwi.

Chombo cha kwanza hupiga picha kwa sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio. Huonyesha kovu, uvimbe, au sehemu ya ubongo iliyoumbika vibaya. Lakini kwa wagonjwa wengine picha yatoka safi, na ugonjwa haukuonekana.

Chombo cha pili hufuata sukari. Ubongo hula sukari ili ufanye kazi. Mgonjwa hudungwa sindano mkononi yenye sukari iliyotiwa alama, na chombo huonyesha inakokwenda. Wakati mgonjwa ametulia, mahali pagonjwa hula kidogo kuliko jirani zake. Basi huonekana pamefifia katika picha.

Chombo cha tatu ndicho cha ajabu zaidi. Kila penye umeme unaopita pana nguvu kidogo ya sumaku. Ubongo nao una nguvu hiyo, lakini haifikii hata sehemu moja katika milioni 10 za nguvu ya dunia inayovuta sindano ya dira. David Cohen aliipima kwanza mwaka 1968, huko Chicago. Yahitaji chumba chenye kuta za madini ya namna ya pekee, ili nguvu za magari na nyaya za nje zisiingie. Mgonjwa hutia kichwa ndani ya kofia kubwa ngumu. Vipimo vilivyomo hupozwa kwa heliamu hata digrii 269 chini ya sifuri. Umeme hupotoka unapopita katika mfupa wa kichwa, lakini nguvu ya sumaku hupita karibu kama ilivyo. Kwa hiyo hesabu ya mahali huwa sawa zaidi. Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walionyesha kofia nyepesi isiyotaka baridi hiyo, ambayo mtu aweza kuivaa na kutikisa kichwa.

Vyombo hivi vikishuhudia mahali pamoja, waganga wapata moyo. Tena hutafuta penye usemi na penye nguvu za mkono, ili kisu kipaepuke. Ushuhuda ukipingana, yawalazimu pengine kutia nyuzi za umeme ndani ya kichwa kwanza, au kuacha kabisa.

Je, kazi hii yaleta faida? Mwaka 2001 waganga wa Kanada walitoa habari ya wagonjwa 80 wenye kifafa cha ubongo wa upande wa sikio. Nusu yao walipangiwa kupasuliwa, nusu waliendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 58 kwa mia wa kundi la kwanza walikuwa hawashikwi tena na kifafa cha kupoteza fahamu. Katika kundi la pili walikuwa 8 kwa mia.

Na sisi je?

Vyombo hivi ni vya bei kubwa, na katika Afrika ni vichache. Wagonjwa wetu walio wengi hawahitaji kisu. Wahitaji dawa za kila siku, ambazo nyingine si ghali, pasipo kuziacha ovyo.

Lakini ushuhuda wa kwanza kabisa hauhitaji mashini. Ni ule wa Jackson: macho ya mtu aliyekaa karibu. Basi mtoto akianguka, msikimbie. Mwondoeni penye moto na maji, mlazeni ubavu, msitie kitu kinywani mwake. Tazameni saa: ikipita dakika tano, mpelekeni hospitali mara moja. Na mkumbuke: ni mkono upi ulioanza? Uso uligeukia wapi? Mganga atawauliza hayo, naye mgonjwa mwenyewe hawezi kuyajibu. Aliyekimbia hakuona neno. Aliyebaki ndiye awezaye kusema kifafa kilianzia wapi.